Wimbledon ya Dada Zuwena

Jumamosi, 3 Januari 1970. Matrah

Asubuhi ghalani, magunia ya mchele, vumbi, kelele za wachukuzi. Mchana wali na samaki. Dada Zuwena kala matonge mawili, kasukuma sahani. Kama jana. Kama juzi.

Baada ya alasiri nikamsimulia kiwanja cha Melbourne. Kila siku namsimulia kimoja. Mie nilikuwa mtumishi wa mezani melini, nimeviona viwanja vikubwa vya tenisi vya dunia nzima. Mwarabu gani mwengine wa Unguja anaweza kusema hivyo? Ningesoma kupita darasa la tano ningetunga kitabu, na Wazungu wangekinunua.

Melbourne ni hivi. Majukwaa yamekizunguka pande tatu kama mwezi uliokatika, upande wa nne uko wazi, majani chini yamekatwa mpaka yamekuwa zulia. Siku ile hapakuwa na mchezo. Nikakaa peke yangu kati ya viti elfu na maelfu nikala mkate wa nyama ya kondoo. Mlinzi akaja kunifukuza. Nikamwambia nimetumwa na Sultani wa Zanzibar kuja kukagua viti. Akanivulia kofia. (Hakunivulia. Lakini aliniacha nimalize mkate.)

Dada husikiliza na uso ukutani. Leo kageuka. Kasema: "Siku utayonambia kuna kiwanja hapa hapa Matrah, ntavaa buibui langu nitoke. Mpaka hapo niache nilale."

Hajatoka mlangoni tangu mwaka tuliokuja huku kutoka Unguja. Wiki ya kwanza alikwenda kisimani, wanawake wakacheka Kiarabu chake na buibui lake. Akarudi na ndoo tupu. Basi. Miaka inakwenda.

Anadhani kasema masihara. Mie nimelishika lile neno.

Jumapili, 4 Januari

Sikulala vizuri. Nilikuwa nnajenga.

Kuna kipande cha ardhi nyuma ya ghala la tajiri wetu, njia ya kwendea Ruwi. Bapa. Mapipa mabovu tu na mbuzi. Nimemuomba. Kacheka mpaka kakohoa, kasema chukua mpaka siku ntakapotaka kujenga. Mtu mwema. Mjinga wa michezo lakini mtu mwema.

Jioni barazani nikatangaza. Harith akapiga paja. Harith ni karani wa forodha, mwenzetu wa Unguja, mnene, alikuwa anacheza tenisi kwetu na anadhani anajua. "Seif," kanambia, "weye huyo wa Wimbledon utatujengea Wimbledon kwa mavi ya mbuzi?" Watu wakacheka. Nikacheka kuliko wao. Lakini iliniuma.

Ijumaa, 16 Januari

Leo tumepiga vigingi. Mie na Fundi Murad, Mbaluchi, bingwa wa sakafu na birika za maji. Anajenga na misikiti. Hajapata kuona tenisi. Nilimchorea mchangani. Akauliza: kuna mtu atakaa humu? Nikamwambia hapana. Akauliza: kuna maji yatapita humu? Hapana. Akanitazama kwa huruma.

Kauliza kielekee wapi. Hapo ndipo utamjua mtu aliyetembea. Nikamwambia kiwanja cha tenisi hunyooshwa kwa kibla.

Hilo nnalijua tangu Unguja. Shemeji Khalfan, mume wa Dada, ndiye aliyekuwa akikitunza kiwanja cha pale Mnazi Mmoja. Akimaliza kukifagia na alasiri imeingia, huweka vidole vya miguu kwenye mstari wa chokaa wa nyuma, anakabili wavu, anaswali hapo hapo. Sawasawa kabisa. Wavu mbele yake, kibla nyuma ya wavu. Nimemuona hivyo mara ngapi. Na alikuwa hakosei kitu kuhusu kiwanja.

Murad kafurahi. Mara ya kwanza kaona kuwa mie nna akili. Kaenda mpaka msikiti wa pale karibu, kachukua uelekeo wa mihrabu yake, kavuta kamba. Kamba ikanyooka kama wembe. Mwisho wake, huko mbele, ikaangalia pengo la milima. Pazuri mno. Nikasimama nikawaona moyoni watu wamejaa juu ya yale majabali, wamevaa nyeupe.

Jumanne, 27 Januari

Nimeota Roma. Kiwanja cha Roma kimechimbwa chini, unakitazama kama unatazama ndani ya bakuli, na juu pembezoni wamesimama watu wa marumaru, wakubwa, weupe, hawana nguo. Nilipita pale meli ilipotia nanga bandari ya karibu, nikaona haya badala yao.

Ndotoni wale watu wa marumaru walikuwa juu ya milima ya Matrah. Wamevaa vilemba. Wanamsubiri Dada Zuwena apite.

Nilipoamka nilitaka kumwambia. Sikumwambia. Nilimkuta uso ukutani.

Jumatano, 4 Februari

Tunachoma udongo. Murad anautandika juu ya magogo ya mitende, anautia moto, unaungua siku kadhaa, kisha tunausaga. Ndiyo saruji ya zamani ya huku, inayojengea mifereji ya maji. Mikono yangu imekuwa kama ya mnyama. Tunafanya kazi alfajiri kabla ya ghala kufunguliwa, tumeinama kama wapanda mpunga.

Umetoka mwekundu! Mwekundu wa Paris. Kiwanja cha Paris si cha majani, ni cha matofali yaliyosagwa, mpira ukidunda unaacha alama na soksi zinakuwa rangi ya pilipili. Nilipomwambia Murad kwamba Wafaransa wanasaga matofali mazima ili wapate hichi tunachokipata sisi moja kwa moja, kasema Wafaransa wana matofali ya kuchezea.

Nimemletea Dada unga kidogo kiganjani. Kaunusa. Kasema unanuka moshi. Lakini kaunusa tena.

Jumatano, 18 Februari

Siku za Idi. Kazi imesimama. Dada kapika, kakaa chumbani, wageni wamemuamkia kupitia pazia.

Harith kaja na halwa sahani nzima na ulimi wake. Kesha kwenda kukichungulia kiwanja. Eti kizuri kuanikia ndimu. Nikamwambia wewe na mie, Ijumaa tarehe ishirini Machi, baada ya alasiri, mbele ya watu. Ukishindwa ukubali barazani kwamba Seif kazaliwa na raketi. Kakubali. Kala halwa yake mwenyewe yote akaondoka.

Nyuma ya pazia nilisikia kitu. Sauti ya puani. Sikuthubutu kuuliza kama alicheka au alikuwa na mafua.

Jumanne, 3 Machi

Mvua. Ya nusu saa tu. Kona moja ya kiwanja imekwenda na maji.

Nimekaa juu ya pipa nikalia kama mtoto. Hapana aliyeniona ila mbuzi.

Nilikuwa nafikiri Wimbledon. Barazani nnasema niliingia, nikakaa karibu na mabwana wakubwa. Nilifika mlangoni. Watu wamepanga safu mpaka barabarani na meli ilikuwa inaondoka siku ile. Nikasimama nje ya ukuta. Ukuta una majani yanayotambaa. Nikasikia toka ndani: tok. Tok. Tok. Halafu kimya, kimya cha maelfu ya watu waliozuia pumzi pamoja. Kisha makofi kama mvua juu ya mabati. Nilisimama pale nikafumba macho nikakiona chote. Kwangu mie hiyo ni kuingia. Walioketi ndani walikuwa wanatazama mpira. Mie nilikuwa nnakisikia kiwanja.

Murad kaja, kaiona ile kona, kanipiga begani, kasema yalla. Tumeanza tena.

Jumanne, 17 Machi

Tumemaliza. Mashallah, mashallah, mashallah.

Mistari ya chokaa. Wavu ni wa kuvulia dagaa, nimeukunja mara tatu na kuushonea juu kitambaa cheupe. Mbali kidogo huwezi kuujua. Karibu unanuka.

Balaa moja. Raketi yangu ya Bombay imekatika nyuzi, joto limezila. Raketi nyengine nnayoijua ni ya Khalfan. Iko chini ya kitanda cha Dada, ndani ya kibano chake cha mbao cha kuizuia isipinde. Ndicho kitu alichokibeba siku tuliyotoka. Wenzake walibeba dhahabu.

Alkhamisi, 19 Machi

Nimeiomba. Sikupaswa.

"Usinigusie hiyo." Basi. Uso ukutani.

Nikamwambia kiwanja kiko tayari, Dada, kesho ndiyo siku, uliahidi. Kasema aliahidi kiwanja, hakuahidi watu. Kasema Khalfan naye alitoka asubuhi kwenda kumwagia maji kiwanja, karudi? Toka Januari ile ya mapinduzi, ya sitini na nne, hajalitaja jina lake mbele yangu. Kalitaja leo kwa kunipiga nalo.

Sina hasira. Nna huzuni mpaka kwenye kucha. Nilijenga kitu kikubwa nyuma ya ghala nikidhani huzuni ni mtu wa kualikwa mchezoni.

Harith kasema atanikopesha raketi yake ya zamani. Ndivyo mtu mnene anavyokuwa mwema akikuonea huruma. Nimechukia zaidi.

Ijumaa, 20 Machi

Niandike kabla sijasahau hata moja.

Watu walijaa. Wenzetu wa Unguja wote, Mabaluchi wa Murad, wachukuzi wa ghalani, wanawake upande wa ukuta wa ghala na watoto wao. Wengine juu ya majabali kama nilivyoota. Nilivaa suruali nyeupe ya melini. Haifungi tena kiunoni, nilitia kamba ya katani. Nilipendeza.

Tukaanza. Mie nikakaa upande wa magharibi, Harith mashariki. Nikarusha mpira, nikapiga kwa raketi ile ya kukopa, na Harith akasimama tu kama nguzo, mkono machoni. Mpira ukampita. Nikapiga tena. Ukampita. Fiftini, thati, foti, gemu! Watu wakapiga makofi. Nikainama kama wanavyoinama Wimbledon. Nikasema moyoni, Seif, kumbe ni kweli yote unayoyasema juu yako.

Tukabadilishana pande.

Ya Rabbi. Jua lilikuwa limekaa ndani ya lile pengo la milima kama sinia ya moto, mbele ya uso wangu, juu kidogo ya wavu. Sikuona mpira. Sikuona Harith, na Harith si mtu wa kutoonekana. Nilisikia tok, kisha mpira ukanipiga tumboni. Watu wakacheka. Nikarusha wangu juu nikaupoteza angani, ukarudi ukanipiga kichwani. Miwani myeusi Sultani wa huku kaipiga marufuku mjini, na hata ingeruhusiwa nani anayo? Harith kashinda. Tukabadilishana, nikashinda mie. Tukabadilishana, kashinda yeye. Aliyekaa magharibi anakuwa bingwa wa dunia, aliyekaa mashariki anakuwa kipofu wa sokoni. Harith kateremsha kilemba mpaka puani akawa anacheza kwa kunusa.

Nilikuwa na aibu. Nilitaka ile saruji yangu nyekundu ifunguke niingie.

Na hapo, nikiwa upande wa upofu, nikaona kitu cheusi kando ya jua. Nilidhani ni macho yangu yanaungua. Kikakaribia. Buibui. La Unguja. Linatembea peke yake katika njia ya Ruwi, mchana wa Mungu, mbele ya watu wote wa Matrah.

Dada Zuwena alipita kati ya wanaume wakampisha. Akaingia kiwanjani. Mkononi raketi ya Khalfan, kesha itoa kwenye kibano. Akanipa.

"Shika. Usinitie aibu."

Akaenda akakaa kwa wanawake. Nikarusha mpira. Nikapiga kwa raketi ya shemeji yangu, kwa nguvu zangu zote, kwa mapenzi yangu yote, na nikapiga jua. Mpira hata haukuguswa. Ulidunda nyuma yangu taratibu, dunda, dunda, ukaenda kwa mbuzi.

Kimya. Kimya kile kile cha nyuma ya ukuta.

Kisha nikaisikia. Mwanzo kidogo, ya puani. Halafu ikafunguka. Dada yangu anacheka. Kashika mbavu, kaegemea mwanamke asiyemjua, machozi yanamtoka.

"Seif!" Anaita mbele ya watu wote. "Weye! Ulikielekeza kwa kibla?"

Nikamwambia ndiyo, Dada, kama cha Khalfan.

"Kibla cha Unguja kiko kaskazini, zezeta weye! Huku ni magharibi! Miaka sita unaswali hapa, ulikuwa unaswali usingizini? Khalfan angekuona, wallahi angekufukuza na ufagio!"

Yule mwanamke aliyeegemewa akauliza kwa Kiarabu anasemaje huyu. Dada akamuelezea. Kwa Kiarabu chake kile kile kibovu, mikono hewani, hapa jua, hapa Makka, hapa ndugu yangu punda. Wanawake wakacheka. Lakini safari hii naye alikuwa anacheka nao, na mwanamke akamwambia endelea.

Murad peke yake hakucheka. Alisema kamba yake haina kosa hata unywele mmoja. Kweli haina.

Tulikuwa sare tulipoacha. Jua likaingia ndani ya pengo. Adhana ikatoka kwenye ule msikiti. Watu wakaanza kutafuta pa kuswali, na hapana aliyehitaji kutafuta. Mistari iko pale. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, myeupe, imekata kibla kama imepimwa na malaika. Tukauteremsha wavu. Wanaume wakajipanga, vidole kwenye chokaa. Safu hazijapata kunyooka hivyo Matrah nzima. Wanawake mstari wa mwisho, wa mashariki.

Harith alisimama ubavuni kwangu, anahema. Kaninong'oneza: "Kiwanja chako hakina kosa, Seif. Kimekosea mchezo tu."

Imamu akatoa takbira. Nilijua nyuma yangu, mstari wa mwisho, kuna vidole vya miguu ya dada yangu juu ya chokaa. Sikugeuka. Sala hairuhusu. Ingeruhusu ningegeuka.

Jumamosi, 21 Machi

Ghalani. Magunia. Mgongo wote unaniuma, tumbo lina alama ya mpira.

Barazani wananiita Imamu wa Tenisi. Harith kakubali kwamba nilizaliwa na raketi, kasema aliyenizalisha alisahau kunipa macho. Nimemsamehe. Na yeye kanisamehe kwa vile nilivyomcheka alipokuwa anapapasa.

Dada kala sahani nzima. Kaomba nyengine.

Alkhamisi, 9 Aprili

Joto limeanza. Mchezo tunaucheza alfajiri sana, kabla jua halijapanda milima, gemu mbili tatu tu. Kisha mwanga unakuja na tunakimbia. Nadhani ni kiwanja pekee duniani kinachofungwa kwa sababu ya mwanga. Cha Melbourne hakina hilo. Cha Roma hakina.

Magharibi watu huja kuswali. Murad analeta mikeka.

Leo nilichelewa kuamka. Kitanda cha Dada kitupu, mlango umerudishwa tu. Nilikwenda mbio bila viatu. Nikamkuta kiwanjani, peke yake, buibui kalifunga kiunoni, ana ufagio wa makuti. Anafagia kama alivyokuwa akifagia Khalfan: kutoka wavuni kurudi nyuma, mistari midogo midogo, hakanyagi alipokwisha pita.

Nilikaa juu ya pipa. Ufagio ulikuwa unatoa sauti ndogo, na mbele yake wekundu ulikuwa umelala safi, bado haujaguswa na mtu.